Mbuzi Waliokwenda Beni

Mwezi wa saba tangu nihamie Butembo niliacha kulala na jozi mbili za soksi. Sikuamua. Asubuhi moja niliamka tu, nikakuta jozi ya pili bado imekunjwa juu ya kiti, nikaelewa kwamba baridi ya vilima vile na mimi tumeshapatana.

Nilikuwa nimetoka Bukoba mwanzoni mwa mwaka 2001. Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Niliisomea Moshi, nikaifanya miaka minne, kisha shirika moja likatangaza kwamba linatafuta fundi wa kwenda Kongo, kwa sababu vita vilikuwa vimewaacha watu wengi na mguu mmoja na hapakuwa na wa kuwasaidia. Baba yangu alikaa siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akaninunulia sweta. Nikapanda basi hadi Mutukula, nikaivuka Uganda kwa siku mbili, nikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi nikiwa na sweta hiyo, sanduku la vifaa, na Kiswahili nilichodhani kitanitosha.

Hakikunitosha. Nilipanga chumba kwa Mama Berthe, mjane wa mtaa wa Bulengera, na asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akanitazama kwa upole, akajibu, "Na miye naitwa Berthe." Wiki nzima alinitambulisha kwa majirani kwa jina la Mama Shikamoo. Nilijifunza polepole. Nilijifunza kwamba anayesema "minapenda hii" sokoni hasifii, anataka kununua. Nilijifunza kwamba *njo* ni ndiyo, *fasi* ni mahali na *mais* ni lakini. Nilijifunza kusema *wasingya* badala ya asante, na kutokataa bundu, ule ugali wao mzito wa muhogo, hata kama nimeshiba. Nilijifunza pia kwamba siku ambayo barabara imefungwa kwa sababu ya vita, watu hawakai kuulizana sana. Wanarudi nyumbani, wanapalilia maharage yao, wanangoja ifunguliwe.

Neno "bibi" ndilo lililonikutanisha na Mathe.

Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa kando ya njia niliyopita kwenda kazini. Nilikuwa natafuta mtu wa kunishonea mikanda ya ngozi, ile inayofungwa juu ya goti ili mguu wa bandia usichomoke. Nilimwonyesha mchoro. Aliutazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, muda mrefu vilevile.

"Na weye, uko bibi ya nani?"

Kwetu bibi ni mama aliyemzaa mama yako. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nikamjibu kwa ukali kwamba hata mtoto sina, sembuse mjukuu. Alicheka mpaka akaiweka sindano chini.

"Hapana vile. Minauliza kama uko na bwana."

"Sina."

"Bon," akasema, akainamia ngozi yake. Nikaona kwamba anashona mahali alipokwisha kushona.

Tangu siku hiyo alinishonea mikanda yote. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, yenye ngozi iliyokauka kwenye ncha za vidole, na alipokuwa akinipa mkanda alikuwa hauachii upesi, nasi tukabaki kila mmoja ameshika upande wake. Mwezi wa tatu alinipima miguu kwa kamba bila kusema ni ya nini, na Pasaka nikavaa viatu vyekundu ambavyo akina mama wote wa Bulengera walivitazama kabla ya kunitazama mimi. Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tunatembea hadi penye mikalitusi juu ya kilima, tunakaa, na ananifundisha majina ya vilima kwa Kinande, nami ninayakosea kwa makusudi ili ayarudie. Hapo ndipo aliponiambia kwamba atanipeleka Alimbongo kwa mama yake.

"Lini?"

"Hii mwezi."

Hiyo ilikuwa Aprili. Mwezi wa tano mvua ilikuwa nyingi. Mwezi wa sita alikuwa na safari ya Beni, kutafuta ngozi. Alirudi na mananasi manne, tukala mawili jikoni kwa Mama Berthe, juisi ikitutiririka mpaka kwenye viwiko. Sikuuliza habari za ngozi.

*

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, dereva wetu Benoît alinipeleka Beni. Ni kilomita hamsini na nne tu, lakini unashuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto, na nusu ya njia nilikuwa navua sweta. Huko walinipa chumba kwenye kituo kimoja cha afya, chenye vyuma viwili vya kushikia wakati wa kujifunza kutembea.

Jumatano ile ya Agosti, mtu wa mwisho alikuwa Mzee Ézéchias. Alikuwa mkulima wa Eringeti. Mwaka uliotangulia risasi ilimpata mguuni siku walipokimbia kijiji, na walipofika Beni na ule mguu uliofungwa kitenge ulikuwa umeshaharibika, ukakatwa chini ya goti. Nilikuwa nimempima mwezi Julai, alipokuja na jirani. Siku hii alikuja na binti yake. Binti alikuwa na miaka kama ishirini na mbili, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikunja kitenge cha baba yake vizuri juu ya kiti kabla sijamwomba.

Niliutoa mguu mpya kwenye mfuko, nikauvalisha, nikachukua mkanda. Ulikuwa mkanda bora kuliko yote Mathe aliyowahi kunishonea. Alikuwa ameushona mara mbili pembeni, na upande wa ndani ameweka ngozi laini ya mbuzi ili usichubue. Nilipoupokea kwake wiki ile niliona fahari. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Binti akainama, akaugusa.

"Hii mukanda, ni fundi Mathe alishona?"

"Ndiyo. Unamjua?"

Akatabasamu, akatazama chini. Baba yake ndiye aliyejibu.

"Namna gani hatamujua? Iko bwana yake. Bado kidogo tu. Bambuzi balishakuya mu mwezi ya sita, mama yake mwenyewe alibaleta kutoka Alimbongo, na baba yake mukubwa. Na yeye Mathe alikuya, alikula kuku mu nyumba yangu."

"Mwezi wa sita," nikasema.

"Eee. Na njo yeye alituambia: Papa, ku Butembo kuko mama moja ya Tanzania, anatengeneza miguu, muende kumuona akikuya huku. Kama hapana yeye, ningekuwa na ile fimbo mpaka leo."

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye mkanda. Kazi yetu ina jambo moja jema, kwamba mikono inajua hatua inayofuata hata kama kichwa hakijui. Nilipitisha ngozi kwenye kifungo cha chuma, nikavuta, nikahesabu matundu.

"Inabana wapi, mzee?"

"Haibane. Hata kidogo."

Nikamsimamisha kati ya vyuma. Alitetemeka, akatulia, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Binti yake alikuwa amesimama upande wa pili na mikono yake miwili ameifunika mdomo. Nilipotazama vizuri niliona analia. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akainama kidogo kama wanavyofanya kwa mtu wanayemheshimu.

"Wasingya, mama. Miye jina yangu ni Kanyere. Nikifika ku Butembo nitakuya kukupikia. Banasema uko peke yako, bila ndugu."

Nikasema ahsante. Nilisema pia warudi baada ya wiki mbili, ili nirekebishe urefu wa mguu. Nilikaa ndani ya gari na Benoît akaniuliza kama nina malaria.

*

Mama Berthe alikuwa anachambua maharage uani. Nilikaa mbele yake na viatu vyangu vyekundu vikiwa vimejaa vumbi la Beni.

"Mama, Mathe ni mtoto wa kaka yako."

"Unajua vile."

"Ulijua habari za Kanyere?"

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa, akatoa jingine.

"Nilijua."

"Tukala mananasi jikoni kwako."

"Miye pia nilikula." Akaliweka sinia chini. "Sikiliza, mutoto yangu. Weye uko mutu muzuri, na miye minakupenda sana. Mais weye utarudia kwenu. Contrat yako itaisha. Ile siku munagombana na bwana, tutaenda kuambia nani? Baba yako tutamupata wapi? Tutavuka Uganda yote kumuita? Kanyere, nikitoka hapa asubui, saa sita niko na mama yake, tunakaa, tunasema, inaisha. Mama ya Mathe alifikiri vile. Na miye nilifikiri vile. Hapana ju ya chuki."

Lililonichoma zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa na maana. Alinyanyuka, akaleta bundu na sombe ya majani ya muhogo, akakaa karibu yangu mpaka nikala.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kibandani. Mathe aliponiona alisimama, na uso wake ukanionyesha kwamba alikuwa akiningoja tangu jana.

"Amesimama?" akauliza.

"Amesimama. Amepiga hatua kumi na moja. Mkanda haumbani hata kidogo."

Akaketi. Nami nikaketi kwenye kiti cha wateja, na kati yetu palikuwa na kiatu cha mtu kisicho na soli.

"Kwa hiyo ulinipeleka mimi nikaambiwe na yeye," nikasema. "Wewe ulishindwa, ukamtuma msichana wa watu."

"Hapana. Nilimutuma baba yake ju ya mguu. Papa Ézéchias alikuwa anatembea na fimbo mbili, inamuchuna hapa mu kwapa, damu. Nilikaa mu nyumba yake, nilikula kuku yake, na nilikuwa najua fasi kuko mutu wa kumusaidia. Ningenyamaza?"

"Ulijua tutaonana."

"Nilijua."

"Ulijua atasema."

"Nilijua, Kemi. Ile mukanda nilikuwa nashona na najua. Kila tundu nilikuwa nasema, hii njo ya mwisho, akishaivaa miye nakuwa mutu wa bongo kwa batu bote."

Aliposema *bongo* alimaanisha uongo. Nilikuwa nimeshajifunza hata hilo.

"Kwa nini hukukataa siku ile, mbuzi walipokuwa bado Alimbongo?"

Alizungusha nyundo mkononi. "Mama alikuwa mugonjwa. Baba mukubwa akasema, mama yako anataka kuona bibi yako mbele ya kufa. Nilisema nitaenda tu kumusindikiza. Njo nikaenda. Nikafika kule, banatuchinjia kuku. Papa na fimbo yake anasimama kunisalimia. Sikukubali, sikukatala. Nilikula." Akaiweka nyundo chini. "Mama alipona."

"Na mimi nikaletewa mananasi."

"Eee."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mama mmoja alipita na beseni la viazi, akatusalimu, tukamjibu sote wawili kwa pamoja. Nadhani kama tungegombana kwa kelele ingekuwa rahisi zaidi. Nilitaka aniombe msamaha ili nimkatalie, lakini hakuomba. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi siku nyingi, na mimi, Mungu anisamehe, nikataka kumgusa.

"Mathe," nikasema, "mimi niliacha nyumbani kwetu nikaja hapa. Sijui Kinande, sijui nani ni ndugu ya nani. Mtaa mzima ulijua jambo moja, mimi peke yangu sikulijua. Unajua hali hiyo ilivyo? Ni kama kutembea gizani katika nyumba ambayo wengine wote wanaona."

"Sijue," akasema kwa sauti ndogo. "Hapana. Sijapitaka ile."

"Basi nimekuambia."

Nikamwambia mikanda inayobaki ampe Mama Berthe, ataniletea. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika mbali kidogo nilipogundua kwamba sikusikia nyundo yake ikigonga.

*

Wiki mbili zile nilifanya kazi kama kawaida. Nilichanganya plasta, nikachonga, nikapima. Jioni nilimsaidia Mama Berthe kumenya viazi, na hakulitaja jina la Mathe. Jumapili ya kwanza sikupanda kilimani. Jumapili ya pili nilipanda peke yangu, nikakaa penye mikalitusi, nikajaribu kutaja majina ya vile vilima. Niliyakumbuka yote bila kukosea hata moja, na hilo ndilo lililoniliza.

Bosi wangu alikuwa ameniuliza kama nitaongeza mwaka wa pili, ama wamtafute mtu mwingine. Karatasi ilikuwa mezani kwangu. Niliandika jina langu, nikaacha sehemu ya jibu wazi.

Jumatano ilipofika tulishuka Beni mapema. Mzee Ézéchias na Kanyere walikuwa wameshafika, wamekaa barazani. Na chini ya baraza, amesimama juani, kofia mkononi, alikuwapo Mathe.

Kanyere alikuwa ananitazama mimi. Nikajua kwamba ameshahisi.

"Kuya, mama," Mzee Ézéchias akaniita, na sauti yake haikuwa na hasira wala haikuwa na furaha. "Kaa. Huyu kijana alifika saa moja. Nilimwambia hapana sema mara mbili, ngoja mama ya miguu afike. Sasa sema."

Mathe akasogea karibu na baraza.

"Papa, mu mwezi ya sita nilikula mu nyumba yako na sikusema kweli. Nilikuwa na mutu mwingine mu roho, njo huyu. Yeye hakujua kintu. Kanyere hakujua kintu. Miye tu nilijua. Sitaweza kuoa Kanyere. Nilikuya kusema ile mbele yako, na mbele yake."

"Ulikuya na nani?"

"Peke yangu."

"Baba yako mukubwa iko wapi?"

"Alikatala kukuya. Alisema anaona haya."

"Mama yako?"

"Mama anasema kama nakuya huku, nisirudie ku nyumba yake."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kwao mambo ya namna hii huletwa na wakubwa, kwa maneno ya mzunguko, na mwenyewe hubaki nyumbani. Kijana anayekuja peke yake ni aibu juu ya aibu. Nilimwona Mathe anasubiri kufukuzwa.

Mzee akaweka mikono kwenye kiti, akajisukuma, akasimama juu ya mguu wake mpya.

"Mimi natafuta kufika pale ku barabara," akasema. "Ni mara ya kwanza. Kuya, nishike bega."

Wakaenda. Mzee alikuwa amemshika Mathe begani kwa mkono wa kuume, na walikuwa wanakwenda polepole mno, wanasimama, wanakwenda. Tuliona midomo yao ikisema, lakini hatukusikia kitu. Mpaka leo Mathe hajaniambia yote waliyoyasema, na hilo moja tu nimemwachia.

Kanyere alisogea, akakaa karibu yangu. Tukatazama migongo ile miwili.

"Nilikwambia nitakuya kukupikia," akasema.

"Ndiyo, uliniambia."

"Papa alikuwa anasema ju ya mutu wako, na weye ulikuwa unafunga mukanda." Akafikiri. "Ulisikia namna gani?"

"Nilisikia vibaya. Niliogopa kumwangusha baba yako."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mathe simulilii sana. Nilimuona siku moja tu, alikuwa anaangalia sahani. Nalilia bintu ingine. Nilishaaga barafiki. Nilishajiona mu Butembo, mu ile baridi, na nyumba yangu, na duka kidogo ya vitenge. Tangu tutoke Eringeti sina fasi naita kwangu. Unaelewa?"

"Ninaelewa."

"Weye ulikuya mwenyewe, kwa kazi yako. Hakuna mutu alikuleta na mbuzi." Alinigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Leo niko na hasira na weye. Najua hapana kosa yako, mais hasira iko. Kesho nitaangalia kama ingali."

"Ni haki yako."

"Njo vile."

Nilitaka kumwambia aje Butembo, kwamba chumba cha pili kwa Mama Berthe ni kitupu. Sikusema. Halikuwa langu kumpa siku ile.

Mzee Ézéchias alirudi ametoka jasho, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika mbali. Akaketi, akapumua. Kisha akamtazama Mathe.

"Bambuzi bako hapa. Bawili balishazaa. Hautabachukua leo, na hautamutuma mutu. Mama yako alibaleta, yeye mwenyewe atakuya kubachukua. Atakaa hapa, na atasema na mutoto yangu, mu macho. Mutoto yangu hapana mizigo ya kutuma na kurudisha mu njia. Ulisikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Na ukishindwa kumuleta, nitajua kama ulikuya hapa kutafuta tu roho yako ilale." Akanyoosha mguu mbele yangu. "Sasa, mama. Unasema utarekebisha urefu."

Nikapiga magoti, nikafungua mkanda, nikafanya kazi yangu. Aliposimama tena mabega yake yalikuwa sawasawa. Kanyere alimshika mkono, wakaaga. Nami aliniaga pia, kwa kichwa tu.

*

Mathe alikuwa amekuja kwa miguu na kwa lori la mbao, na barabara ya jioni haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo Benoît akasema apande. Mathe alikaa nyuma, mimi mbele. Kilomita za kwanza tulisikia injini tu.

"Kuna nini kingine?" nikauliza bila kugeuka.

"Kingine gani?"

"Ambacho watu wote wanajua, mimi sijui."

Akaanza. Aliniambia kwamba mama yake aliapa hatakula sahani moja na mgeni. Aliniambia kwamba baba yake mkubwa alishawaambia watu wa Alimbongo kuwa mimi nina mume Tanzania. Aliniambia kwamba miaka sita iliyopita alitaka kuwa padri, akaacha, na mama yake bado anaficha kanzu yake kwenye sanduku. Kwamba viatu vyekundu alivikosea mara mbili kabla ya kunipa. Kwamba anaogopa maji, na kwa hiyo anaogopa Bukoba, kwa sababu nilimwambia ziwa letu halina ng'ambo. Alisema mambo makubwa na madogo bila kuyapanga, na Benoît, ambaye ni mtu wa Kasai na anapenda mazungumzo kuliko chakula, aliendesha gari, macho mbele, kama mtu asiyeelewa Kiswahili. Gari lilipanda, joto likabaki nyuma, nikavaa sweta yangu. Alikuwa bado anasema tulipoanza kuona nyumba za kwanza za Butembo na moshi wa jioni juu ya mabati.

Tulishuka mbele ya nyumba ya Mama Berthe. Jua lilikuwa bado halijazama. Mathe alisimama hatua mbili mbali nami, kofia yake mkononi tena.

"Kesho kutwa naenda Alimbongo," akasema. "Sijue kama atanifungulia mulango. Sikuombi ungoje, Kemi. Nakwambia tu fasi nitakuwa, ili usitafute kwa batu."

Hilo ndilo lililonifungua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno tamu zaidi ya lile katika nchi ile.

"Usiende kesho kutwa," nikasema. "Nenda Jumamosi. Jumamosi sina kazi."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, na nikamwona anaogopa kufurahi.

"Kemi, mama yangu hatakupokea."

"Najua. Umeniambia."

"Atakaa na weye mu nyumba bila kukuangalia."

"Nimezoea kutazamwa. Nitapumzika."

"Na chakula? Akikatala kula na weye?"

Nilimkaribia, nikamtoa kofia mkononi, nikamvalisha kichwani, nikaiweka sawa. Vidole vyake vikakuta vyangu pale pembeni ya kofia, vikavishika, na sikuvichomoa.

"Nitakula peke yangu," nikamwambia. "Lakini nitakula nyumbani kwake."